Bodi Aliyoitukana Baba

Ukitaka kunirudisha utotoni usinionyeshe picha. Nifungulie kasha la bodi mpya ya kompyuta, uitoe kwenye ule mfuko wake wa rangi ya fedha, halafu uisogeze karibu na pua yangu. Kuna harufu hapo, ya lehemu na plastiki ambayo bado haijaona vumbi, na haifanani na kitu kingine chochote ninachokijua.

Juzi mteja alikuja dukani kwangu hapa Kitale, akitaka nimuundie kompyuta ya mezani. Bodi tuliichagua kwa simu. Mimi nilimtumia picha, yeye akanitumia alama ya kidole gumba, na kesho yake mzigo ukaletwa na gari la vifurushi. Niliponusa (mimi hunusa kila bodi kabla ya kuitazama, na wanaonijua wameshazoea), nikajikuta tena ni mtoto, nimesimama ng'ambo ya barabara nikiwa na hindi la kuchoma mkononi, nikiamini kwamba baba yangu mzazi ameamua kutuangamiza.

Inafaa nieleze tulifikaje ng'ambo hiyo.

Mama yangu alikuwa na ofisi ya kuchapa mjini Bungoma. Nasema ofisi kwa heshima yake, maana kilikuwa chumba kimoja cha kupanga kati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Wa rika langu watazikumbuka ofisi za namna hiyo. Kulikuwa na monita yenye mgongo mkubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni kana kwamba ingeshikwa na baridi, benchi la wateja, na kalenda ya kanisa ukutani. Pembeni, kwenye meza yake mwenyewe, ilikaa printa ya sindano. Ilikuwa nzito na yenye kelele, na ndiyo iliyotulisha. Mama aliitoa utepe wa wino, akaivisha karatasi ya stensili, nayo ikaanza kutoboa herufi moja moja kwa mlio wa krrr, krrr, uliosikika mpaka kwa kinyozi. Walimu walibeba stensili hizo wakaenda kuzungusha mitihani kwenye mashine za shule zao. Kama uliwahi kutokwa na jasho mbele ya mtihani wa hesabu katika sehemu za Myanga, Chwele au Kimilili miaka ile, huenda maswali yale yalipita kwa Mama kwanza. Niwie radhi kwa niaba yake.

Basi jioni moja stima ilipotea, na iliporudi ilirudi na hasira. Taa iliwaka ikawa nyeupe kuliko kawaida, kompyuta ikalia mara moja, kisha chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Printa ilikuwa imezimwa, ikapona. Kompyuta haikuamka tena. Fundi wa pale mjini aliifungua, akaitazama, akaifunga tena, na Mama akaelewa.

Kununua kompyuta nzima kulimshinda, kwa hiyo akaamua kuunda mpya kipande kwa kipande. Kasha alilipata, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akaipata, kumbukumbu na diski akavipata, vyote vikawa vinalala chini ya kitanda chake ndani ya kikapu, vimefungwa kwa kanga. Kilichobaki ni ile bodi kubwa inayoshikilia vipande vyote, mazabodi kama tulivyoiita. Hapo ndipo fundi alipompa Mama habari mbaya. Bodi ilipaswa kutimiza mambo mawili: ile prosesa ikae sawasawa kwenye kiti chake, na pembeni pawe na tundu pana la kuchomeka waya wa printa, ule waya mnene wenye skrubu mbili. Bodi za kisasa zilikuwa zimeshaachana na tundu hilo. Fundi aliulizia Bungoma nzima akakosa. Mwishowe alisikia kwamba imebaki moja Kitale, katika duka la Mama Simran.

Mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa inakaribia. Walimu wakuu walikuwa wameanza kupita mlangoni na kuuliza, "Mama Nafula, umepona?" kana kwamba aliyeungua ni yeye. Mama alijua kwamba wakipeleka kazi kwingine muhula mmoja hawatarudi. Usiku ule akichambua maharagwe alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikikosa hiyo bodi, narudisha funguo za watu." Mimi ndiye huyo Nafula, na ofisi ile ndiyo nilikokwenda kila nikitoka shule. Nilikuwa na mahali pangu chini ya meza ya printa, ambapo sakafu ilitetemeka mashine ikifanya kazi, na karatasi za mabaki zilikuwa zangu. Niliposikia neno funguo niliacha kula.

Sasa nije kwa Baba. Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Chwele, na hakuna aliyemjua asiyemjua kwa kazi hiyo. Kazi ya dalali ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Akimwona ng'ombe anayemtaka, humwacha. Humwendea mwingine asiyemtaka, akamsifu mwili, akamsifu kwato, akamsifu hata mkia. Kisha humgeukia yule anayemtaka na kumtukana. Amekonda, ana kikohozi, macho yake yana huzuni. Akishataja bei yake ya chini, hugeuka na kuondoka polepole, fimbo kwapani, bila kutazama nyuma. Muuzaji akimkimbilia, biashara imekwisha. Mwenye pesa, yule anayemtaka ng'ombe kwa moyo wote, huwekwa mbali kabisa, nyuma ya magari, ili uso wake usiharibu mambo.

Hayo nayajua leo. Wakati ule siku za soko nilikuwa shuleni, na sikuwahi kumwona Baba kazini hata mara moja. Nilimjua wa nyumbani tu, na wa nyumbani alikuwa mtu wa maneno makali. Ofisi ya Mama aliiita "hiyo kibanda". Kazi yake aliiita "kubonyeza-bonyeza". Aliwaambia wageni kwamba mke wake ameolewa na printa. Na mimi? Wageni wakisema nimepata alama nzuri, Baba alitazama dari, akajibu, "Huyu? Huyu kazi yake ni kula tu." Halafu alianza kumsifu mtoto wa jirani, kijana mmoja aliyekuwa bado anasumbuliwa na alfabeti. Niliyameza maneno hayo miaka mingi, na nilishayapatia maana yangu. Baba hakupenda ofisi, na mimi hakunipenda sana pia.

Kwa hiyo aliposema, "Kitale nitaenda mimi, nyinyi hamjui kununua," nilijua tumekwisha.

Tulipanda pikapu ya rafiki yake iliyokuwa inapeleka vitunguu, Baba mbele na dereva, mimi na Mama nyuma juu ya magunia. Mama alitaka kumpigia simu Mama Simran amwambie aiweke hiyo bodi. Baba alimkatalia. "Ukipiga simu umemwonyesha njaa yako. Ataipandisha mpaka mbinguni." Tulipoteremka Kitale alitupanga kama timu. Mama angebaki ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke anayechoma mahindi. Mimi ningeingia na Baba.

"Mtoto anafaa," alisema. "Muuzaji akiona mtoto, analegea. Lakini wewe mama, funga mdomo."

Mama hapo ni mimi. Nimepewa jina la nyanya yangu, mama yake Baba, na Baba hajawahi kuniita vingine.

Mama wa kweli aliinama akaninong'oneza, "Tundu pana, la rangi ya waridi. Uangalie kama liko."

Duka lilikuwa refu na la baridi, na mbele lilikuwa na kaunta ya kioo. Familia ya Mama Simran ilikuwa imeuza vitu pale tangu siku za babu yake, kwanza redio na betri, kisha televisheni, sasa kompyuta. Alikuwa mwanamke mnene mwenye bangili ya chuma mkononi, nywele amezifunga nyuma, na alizungumza Kiswahili kilekile cha Kitale kama sisi sote.

"Karibu mzee. Nikusaidie na nini?"

"Tunaangalia tu," Baba alisema.

"Mnaangalia nini?"

"Hizi vitu za kompyuta. Hizi mazabodi. Si lazima tununue."

Mama Simran hakusumbuka. Alileta bodi tatu akazipanga kwenye kioo, kila moja juu ya mfuko wake. Ndipo nilipoisikia harufu ile kwa mara ya kwanza. Nikasogea mpaka kidevu kikagusa kaunta. Moja ilikuwa kubwa nyeusi, yenye vyuma vyekundu vilivyosimama kama upanga wa jogoo. Ya pili ilikuwa ya kawaida. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijani iliyofifia, na pembeni yake kulikuwa na tundu pana la rangi ya waridi. Karibu nipige kelele. Niliuma ndani ya shavu nikamtazama Baba.

Baba alikuwa ameinyanyua ile nyeusi. Aliipima uzito kwa mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama chini ya tumbo.

"Hii sasa ndiyo bodi," alisema. "Angalia kifua. Hii imelishwa vizuri. Mtu akiona hii anajua kwako kuna mali."

Kisha aliishika ile ya kijani kwa vidole viwili, pembeni, kama mtu anayetoa panya kwenye unga.

"Na hii? Hii ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa, mzee. Ni ya kitambo kidogo tu."

"Kitambo! Rangi yote imeisha, bana. Na imekonda. Na hii shimo yote ni ya nini? Si panya itaingia hapa ilale na watoto wake?"

"Hiyo ni ya printa za zamani," Mama Simran alieleza kwa upole. "Siku hizi watu hawaitafuti. Lakini hiyo kubwa, mzee, kabla nikuuzie, uniambie prosesa yako ni gani. Isije ikakosa kuingia."

Baba hakujibu swali hilo, maana halikuwa kwenye mchezo. "Niambie tu bei ya hii mgonjwa, nijue."

Mama Simran aliitaja. Baba alicheka kicheko cha huzuni, akasema yake ya chini kabisa. Mama Simran alitikisa kichwa na kuonyesha kibandiko cha bei.

"Hapana mama," Baba alisema. "Kwa hii? Hii hata ukinipatia bure nitaogopa kuipeleka nyumbani." Akaichukua fimbo yake kutoka kwenye kaunta, akaiweka kwapani. "Twende, mama."

Akageuka na kuondoka. Alitembea polepole sana, kama mtu anayesikiliza nyayo nyuma yake.

Mama Simran alituangalia tukienda. "Haya mzee," alisema, "safari njema." Akairudisha bodi ya kijani ndani ya mfuko wake.

Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake ya udalali Baba kuambiwa safari njema. Lakini hakutetereka. Tulivuka barabara, akasimama karibu na jiko la mahindi, akaligeuzia duka mgongo.

"Anakuja," alimwambia Mama. "Msiangalie huko."

Mama aliangalia. "Baba Nafula, hii ni duka. Si soko."

"Muuzaji ni muuzaji."

"Duka iko na bei imeandikwa."

"Anafikiria. Wacha afikirie. Nunua mahindi."

Tulinunua mahindi. Mama alikula mbegu moja moja bila kuzitazama. Nilimvuta sketi, nikamwambia kwa kunong'ona yote niliyoyasikia, kwamba lile tundu la waridi lipo, ila Baba amesema bodi ni mgonjwa, imekonda, panya itazaa ndani, na hata akipewa bure haitaki. Mama alifunga mdomo wake kwa mkono na mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia. Wakati huo ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba mama yangu alilia kwa ajili ya maneno ya baba yangu, kwenye moshi wa mahindi, mjini Kitale.

Tuliendelea kusubiri. Mwanamke wa mahindi aligeuza mahindi yake yote, akayageuza tena. Hakuna aliyetoka dukani. Baba alianza kutazama saa yake, ambayo nilijua imesimama tangu Krismasi. Leo naelewa shida waliyokuwa nayo wale wawili. Baba hakuweza kurudi, kwa sababu dalali anayerudi ameshindwa, na aibu hiyo ataenda nayo mpaka Chwele. Mama hakuweza kwenda, kwa sababu mke akienda kununua kile ambacho mume amekikataa mbele ya watu, neno la mume halina tena uzito. Walisimama pale kila mmoja akimlinda mwenzake, na bodi iko ndani.

Hapo mwanamume mmoja mwenye koti la kijani aliingia dukani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mama Simran akimwonyesha vitu. Nikamwona yule mtu akisonta. Nikamwona Mama Simran akiinama chini ya kaunta na kutoa ule mfuko wa rangi ya fedha.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilikimbia. Bodaboda moja ilinipigia honi na mwenyewe akaniita jina ambalo si langu. Niliingia dukani nikiwa bado nimeshika hindi, nikaliweka juu ya kioo cha watu.

"Usimuuzie!" nilisema. "Ni yetu!"

Yule mwanamume wa koti aliniangalia. Alikuwa mtu wa Lwakhakha, alikuja kutafuta vipuri vya kompyuta zake za kukodisha, na bodi alikuwa ameishika mkononi tayari.

"Si baba yako amesema ni mgonjwa?" Mama Simran aliuliza.

"Baba ndiye haitaki. Mama anaitaka. Anaitaka sana. Ndiyo iko na shimo ya printa, na bila hiyo atarudisha funguo, na mitihani itaenda kwa watu wengine." Nilikuwa nimeanza kulia, na chumvi ya mahindi ilikuwa inaniwasha midomo. "Baba anataka ofisi ifungwe."

"Mama yako yuko wapi?"

Nilisonta ng'ambo. Mama Simran alinyoosha shingo. Alimwona mwanamke aliyejificha nusu nyuma ya moshi, mikono kifuani, macho mlangoni. Kando yake alimwona mwanamume mwenye fimbo kwapani, ameligeuzia duka mgongo, amesimama wima kama askari. Alimtazama yule mwanamume kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mwili mzima.

"Ng'ombe," alisema. "Huyo mzee anauza ng'ombe. Si ndiyo?"

Niliitikia kwa kichwa, nisielewe ng'ombe wameingiaje.

Alinyoosha mkono kwa yule mtu wa Lwakhakha. "Pole kaka. Hii iko na mwenyewe. Nitakutafutia ingine." Yule mtu akanitazama na machozi yangu na hindi langu, akaitoa bodi. Mama Simran akaniambia nijifute uso, nipitie mlango wa nyuma nikatokee pembeni, nisionekane. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mwenye duka mwingine akilifanya. Aliacha kaunta yake, akatoka na ndara zake miguuni, bodi mkononi, akavuka barabara akiita, "Mzee! Mzee! Ngoja kwanza!"

Nilitokea pembeni kwa wakati. Nilimwona Baba akisikia. Hakugeuka mara moja. Alihesabu moyoni, naapa alihesabu, kisha akageuka polepole kama mtu aliyesumbuliwa katika mawazo mengine.

"Mzee, chukua basi," Mama Simran alisema akihema. "Nimekupunguzia kidogo. Usiende mikono mitupu."

Baba aliitazama bodi. Aliitazama kwa uchungu mkubwa. "Mimi siitaki sana," alisema. "Lakini kwa sababu umetembea." Akatoa pesa.

Mama Simran alipogeuka kurudi dukani aliniona, akanikonyeza. Mama naye alikuwa ameniona nikikimbia, na alikuwa ameniona nikirudi. Alinifuta masizi ya mahindi shavuni kwa kidole gumba, akakikandamiza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Si nilisema atakuja?" Baba alimwambia Mama. "Nyinyi hamjui watu."

Kesho yake ofisini, Bungoma, nilimshikia Mama tochi. Fundi alikuwa amemwelekeza na akataka kuja mwenyewe, lakini Mama alisema kompyuta hii ataikaza skrubu kwa mkono wake. Prosesa ilikaa kwenye kiti chake kama iliyozaliwa hapo. Nilipoona anatabasamu nilipata ujasiri.

"Mama, kwa nini Baba hataki ofisi yako?"

Aliacha bisibisi. "Nani amekuambia hataki?"

Nikamtolea yote, kuanzia kibanda mpaka panya, nikamalizia na "huyu kazi yake ni kula tu". Mama alivuta benchi la wateja akakaa, akaniweka katikati ya magoti yake, ingawa nilikuwa mkubwa kwa jambo hilo.

"Siku walipokuja kwetu kuniona," alisema, "baba yako alikuja na ami yake. Wakaketi. Mimi nikapita na chai. Unajua ami yake alisema nini, na wazazi wangu wako hapo? 'Msichana mwenyewe amekonda, hata debe la maji litamlaza.' Halafu akaanza kumsifu binamu yangu, ati huyo ndiye mwenye mwili. Baba yako hakunitazama hata mara moja. Alitazama mabati. Chai yangu akasema haina sukari. Kisha wakaondoka zao."

"Ukalia?"

"Nilie nini? Baba yangu pia alikuwa na ng'ombe, nilishaona watu wakinunua. Halafu nikaona kofia. Baba yako alikuwa ameacha kofia yake juu ya kiti. Mtu hawezi kusahau kofia na jua lile. Nikaichukua nikamfuata. Alikuwa amesimama kwa lango, ametugeuzia mgongo, ananingojea."

Alicheka, na safari hii niliona vizuri mabega yake yakitikisika, na nikajua ndivyo yalivyotikisika Kitale.

"Sikiliza. Amewahi kukusifu?"

"Hapana."

"Huyo kijana wa jirani, je?"

"Kila siku."

"Basi," alisema, akarudi kwenye skrubu zake.

Nilibaki nimeshika tochi. Nilirudi nyuma katika kumbukumbu zangu zote, nikayageuza maneno ya Baba moja baada ya jingine, na kila nililoligeuza lilikuwa na upande mwingine. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikaanza kucheka peke yangu. Mama alichomeka ule waya mnene kwenye tundu la waridi, akakaza skrubu mbili za pembeni, akawasha. Printa ilifikiri kidogo. Halafu ikaanza, krrr, krrr, na kinyozi wa upande wa pili akapiga ukuta kwa ngumi kutupongeza.

Jioni Baba alipita kutoka sokoni. Alisimama mlangoni akiwa na harufu ya ng'ombe, akaisikiliza mashine. "Hii kelele ni mbaya sana," alisema. Akaingia, akakaa kwenye benchi, hakuondoka mpaka Mama alipofunga.

Ofisi ile haikufungwa. Ilinisomesha, na ndugu zangu baada yangu. Bodi ya kijani ilifanya kazi mpaka shule zilipoacha stensili, na leo imetundikwa ukutani dukani kwangu, tundu la waridi likiwa limejaa vumbi. Baba ameisimulia safari ya Kitale kwenye kila harusi ya ukoo, jinsi alivyomfanya mwenye duka la kioo kuvuka barabara na ndara. Hakuna aliyewahi kumweleza zaidi. Mama Simran akiwa hai alikuwa akinitumia wateja, na kila tulipokutana alinikonyeza.

Siku hiyo mzigo ulipofika, nikiwa bado nainusa bodi ya mteja, Baba aliingia. Amezeeka, fimbo sasa ni ya kumshikilia, lakini anapenda kuja Kitale bila kutoa taarifa. Mteja alikuwa amekuja kuiona bodi yake, akamwambia kwa heshima kwamba mimi ndiye fundi bora wa kompyuta katika mji huu.

Baba alitazama dari.

"Huyu?" alisema. "Huyu hajui kitu. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta mwingine. Na hii duka ni ndogo, inakaa kama kibanda." Akaichukua ile bodi mpya kwa vidole viwili, akaitazama, akairudisha. "Na hii imekonda."

Akageuka akatoka, polepole, akavuka barabara kwa uangalifu wa wazee. Mteja alinitazama kwa huruma.

Mimi nilikuwa naangalia kaunta. Kofia yake ilikuwa pale, juu ya kioo, na nje jua lilikuwa kali. Ng'ambo alikuwa amesimama, ameligeuzia duka mgongo. Nikamwambia mteja aningoje kidogo, nikaichukua kofia, nikamfuata.